Unga Juu ya Chandarua

Unga wa kwanza niliuona juu ya chandarua, asubuhi, nilipoingia na maji ya moto ya kumkanda mkaza mwanangu. Ulikuwa laini kama unga wa muhogo, una umanjano kidogo, nao umelala mstari mmoja ulionyooka kutoka kichwani mwa kitanda mpaka miguuni. Nilidhani ni vumbi la kuta, maana nyumba ilikuwa mpya na udongo ulikuwa ukipukutika bado. Nikaupangusa kwa upindo wa leso, nikamkanda mzazi, nikamwogesha mtoto, nikaenda zangu. Kesho yake unga ulikuwa pale pale, mstari ule ule.

Hapo ndipo nilipoinua macho. Juu ya kitanda kile ulipita mwamba, ule mti mrefu unaolala juu ya nguzo na kubeba paa zima. Makombamoyo yote, ile miti ya mteremko wa paa, yameuegemea, fito zimefungwa juu ya makombamoyo, makuti yako juu ya fito. Mwamba ukiondoka, hakuna kinachobaki juu. Na chini yake alikuwa amelala mtoto asiyeweza hata kugeuza shingo.

Nyumba ile aliijenga mwanangu. Yeye ni fundi wa makuti. Mapaa ya hoteli kule Diani, yale marefu ambayo wageni huyapiga picha, mengi yamepita mikononi mwake. Kwa hiyo msidhani alikuwa hajui mti. Alijua. Lakini mkewe alikuwa na mimba kubwa, masika yalikuwa karibu, na chumba walichokuwa wakilala kilivuja. Alitaka mtoto azaliwe penye paa jipya.

Sisi huku juu ya Msambweni mti wa kujengea hatuukati mwezi ukiwa mkubwa. Tunangoja giza. Mti uliokatwa wakati wa mbalamwezi huwa na utamu ndani yake, na dumuzi, mdudu anayekula mti, anaujua utamu huo kabla ya fundi. Makuti nayo ni vivyo hivyo. Hilo nilimwambia mwanangu jioni alipoleta miti yake ya mvinje juu ya mkokoteni, na mwezi wenyewe ulikuwa juu yetu, umejaa kama sinia.

"Hii imekatwa lini?" nikamwuliza.

"Juzi, mama."

"Irudishe."

Akacheka. "Mama, hotelini tunajenga mwezi wowote."

"Hotelini mnapiga dawa."

"Tunapiga, ndiyo."

"Basi na hii ipige."

Akatazama mlangoni, mkewe alikuwa amekaa pale akichambua mchicha na tumbo lake limemfika magotini. Akasema polepole, "Dawa ile harufu yake haitoki upesi. Mimi tumbo lile sitaki lipate sumu."

Zamani dawa hatukuihitaji. Boriti zilikuwa za mkoko, mti uliokua ndani ya maji ya chumvi, na dumuzi akiutafuna anajuta. Siku hizi mikoko haikatwi ovyo, na ni haki, imekwisha. Tena nyumba zetu zilikuwa na moto ndani. Tulipika humo humo, moshi ukapanda ukayapaka makuti na fito mpaka vikawa vyeusi vya kung'aa kama chungu. Paa lililokula moshi mdudu halitaki. Lakini muuguzi wa zahanati alikuwa ametuambia kwamba moshi unaharibu kifua cha mtoto mchanga, na mwanangu akalishika neno hilo. Jiko likabaki kwangu, upande wa pili wa ua, katika kibanda changu cha zamani. Nyumba mpya ikawa safi, ina hewa, haina sizi hata moja. Haina mkoko, haina dawa, haina moshi. Na kila kimoja kiliondolewa kwa kumpenda mtoto.

Mchana wa siku ile ya pili, mkaza mwanangu alipopitiwa na usingizi baada ya kunyonyesha, nilibingirisha kinu mpaka chumbani, nikakipindua, nikapanda juu yake. Nikaugonga mwamba kwa mchi, taratibu nisimwamshe. Penye nguzo ulilia vizuri, mti mzima. Nikasogea katikati, juu ya kitanda. Pale haukulia. Uliimeza sauti. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, na ganda likaingia ndani kama ganda la mkate, kidole kikafuata chote. Nilipokichomoa unga ukamiminika juu ya chandarua, na nikasikia ndani ya mti kitu kikisema krr, krr, kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili.

Nimezika mume. Nimezaa kando ya barabara nikipelekwa hospitali. Lakini siku ile nilishindwa kushuka kwenye kinu. Nilikaa juu yake kwanza, nikatelemka kwa matako kama mtoto.

Msomaji wa bara atauliza, kwa nini hukumtoa pale pale? Nitamweleza. Kwetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na mtoto haoni mbingu. Kuna jicho la watu, kuna upepo, kuna nyuni, ule ugonjwa unaomshtua mtoto akakakamaa macho yakageuka. Na nyumba hii ilikuwa na sababu yake ya kuogopa. Mtoto wao wa kwanza hakufika arobaini. Mama yake alimtoa alasiri moja kumwonyesha shangazi aliyekuwa anapita njiani, na mtoto akalala na homa, akaamka na degedege, akalala tena asiamke. Hospitali walisema malaria. Watu walisema nyuni. Mimi nilimwosha, sina la kuongeza.

Kwa hiyo tangu arudi kutoka hospitali na huyu wa pili, mkaza mwanangu hakuvuka kizingiti. Maji nilimpelekea, uji nilimpelekea, kuoga alioga ndani. Amri hiyo niliiweka mimi na niliisimamia kwa ukali. Kuna mwanamke alikuja kumtazama mtoto akitoka mazikoni, nikamrudisha mlangoni na sukari yake mkononi. Hasemi nami mpaka leo.

Nikampigia simu mwanangu. Alikuwa Shimoni, wanaezeka upya paa la mkahawa.

"Mwamba wako umeliwa," nikamwambia.

"Umeliwa vipi, mama?"

"Kidole changu kimeingia chote."

Nilisikia mtu akipiga nyundo nyuma yake, na mwingine akiimba.

"Upande gani?"

"Juu ya kitanda."

"Kisogeze kitanda."

"Nikisogeze wapi? Chumba ni hicho hicho na mwamba ni huo huo."

"Nitakuja kesho. Paa la watu liko wazi, siwezi kuliacha leo. Kesho asubuhi nitakuja na mhimili mzima niutegemeze mwamba."

"Na mvua ikinyesha leo?"

Makuti yakilowa uzito wake unazidi, yeye anajua kuliko mimi. Kisha akasema, na sauti ilikuwa ile aliyokuwa nayo utotoni alipokuwa akiota vibaya, "Mama, usimtoe nje. Yule wa kwanza nilimbeba kaburini mwenyewe. Tafadhali usimtoe."

Simu ikakatika, au aliikata.

Nilikwenda kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa ng'ambo ya mikorosho. Ni mkubwa kwangu, na ulimi wake haujui kuzeeka. Alikuja akijikokota na maneno yake.

"Umenitoa kwenye mkeka wangu kwa ajili ya unga?"

"Ingia ubonyeze."

"Mimi nikianza kubonyeza kila kilichooza katika ukoo huu, nitaanza na wewe."

Lakini alipanda kwenye kinu nikimshika kiuno, akabonyeza. Kidole kilipozama alikivuta haraka, akakifuta kwenye leso, akakifuta tena, hali kilikuwa kimekwisha takata.

"Subhanallah," akasema. "Na huyu asitoke?"

"Asitoke."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Basi iambie amri yako ishike paa."

Hatukuwa tumeona kwamba mkaza mwanangu amekwisha amka. Alikuwa amekaa kitandani ndani ya chandarua, mtoto amembana kifuani, anatutazama sisi na kinu chetu. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, mimi sitoki," akasema.

"Hakuna aliyesema utoke."

"Wifi yako amesema. Wewe uliniambia hata dirishani nisisimame. Ukaniambia nikikohoa nifunike uso wake. Nimefanya yote."

"Umefanya."

"Basi bora tuangukiwe sote wawili kuliko nimtoe tena kwa mikono yangu."

Hakulia aliposema hivyo. Angelia ningejua la kufanya, ningemkaripia. Alisema kama mtu anayesema bei ya samaki, na mimi nikaogopa zaidi kuliko nilivyouogopa mwamba.

Nikatoka barazani kutazama mbingu. Wingu lilikuwa limepanda kutoka baharini, jeusi, limeshuka chini sana, na upepo ulikuwa umeacha kuvuma. Kuku walikuwa wamejikusanya chini ya upenu. Nikasimama pale nikihesabu hofu zangu kama mtu anayechambua mbaazi. Akibaki, paa. Akitoka, mbingu. Akifika kwangu, moshi. Na nikikosea, nitamwambia nini mwanangu, aliyenisihi kwa sauti ile? Tone la kwanza likaanguka uani, kubwa, likatoboa vumbi. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, mti ukalia. Ka. Mara moja tu.

Ukutani kulikuwa na makuti yaliyobaki wakati wa kuezeka, yamepangwa vizuri, yamekauka. Niliyatazama kwa muda. Kisha nikamwita wifi yangu.

"Mzazi hakatazwi kutembea," nikamwambia. "Anakatazwa mbingu."

Alinielewa kabla sijamaliza. Sifa hiyo simnyimi. Akapaza sauti kwa majirani, mama na bintiye waliokuwa wakianua nguo upande wa kisimani, wakaja mbio na leso vichwani. Tukachukua makuti, kila mtu mawili, tukayainua juu kwa mikono miwili na kuyapandanisha kama yanavyoezekwa, la huku limelala juu ya la huku, pasionekane nafasi. Tulianzia chini ya upenu wenyewe, paa letu limegusana na paa la nyumba. Pembeni tukaning'iniza leso.

"Nani aliyesema nyumba lazima isimame?" wifi yangu akasema, matone yakimdondokea usoni. "Hii yetu inakwenda matembezini."

Binti wa jirani akacheka, na makuti yakatikisika, na mama yake akamwambia akicheka tena atampiga teke mbele ya mzazi.

Nikamwita mkaza mwanangu aje aone; alifika mlangoni, mtoto amemfunika, akasimama. Unyayo wake ulikuwa kwenye kizingiti na haukutaka kwenda.

"Inua macho," nikamwambia. "Unaona nini?"

"Makuti."

"Basi uko ndani. Tembea."

Akatembea. Ua wangu si mkubwa, kuku huuvuka kabla hujamaliza kumfukuza, lakini siku ile niliuona mrefu kama barabara ya Ukunda. Mvua ilikuwa imeanza kweli sasa. Ilipiga makuti juu ya vichwa vyetu na maji yalipita mikononi mwetu yakaingia makwapani. Tulikwenda hatua kwa hatua, tukiitana, "huku, huku, shusha hapo, usivute". Katikati ya ua upepo ukaja ghafla ukainua kuti la binti wa jirani. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Nilimwona mtoto, leso imemteleza, uso uko wazi, na juu yake nafasi kubwa kama kiganja. Tone moja likamwangukia katikati ya paji la uso. Akafumba macho, akafumbua. Kuti likarudi mahali pake.

Mama yake alikuwa akitazama miguu yake. Hakuona. Mimi sikusema.

Tulimwingiza kibandani. Moto nilikuwa nimeumwagia maji na kuutoa nje na jivu lake, lakini masizi hayatolewi, na mle ndani mna harufu ya moshi wa miaka mingi. Boriti zangu ni za mkoko, marehemu mume wangu alizibeba mabegani kutoka mkono wa bahari, na hazijawahi kudondosha hata chembe. Nikawatandikia. Mkaza mwanangu akalala akanipa mgongo. Sikumlaumu. Sikulala mimi. Nilimwekea mtoto kiganja kifuani mpaka alfajiri, na kila aliposhtuka kidogo, jinsi watoto wote wanavyoshtuka, niliinuka nikamtazama macho. Niliona tone lile likianguka tena na tena.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa safi, na nyumba ya mwanangu ilikuwa imesimama imara, makuti yake yakitoa mvuke. Wifi yangu alikuja na mihogo ya kuchemsha.

"Nimepita pale," akasema. "Nyumba yenu imeniitikia salamu."

Mkaza mwanangu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akageuka kumnyonyesha mtoto, na mtoto akanyonya kidogo akaacha. Nikamgusa paji. Lilikuwa na joto, au kiganja changu kilikuwa baridi, sikuweza kujua. Nikamgusa shingo, nikamgusa tumbo, nikarudi pajini, mpaka mama yake akausukuma mkono wangu. Haifai kuiombea nyumba ya mwanao ianguke, nami sikuiombea. Lakini kila nilipochungulia nikaiona imesimama, niliona nimemtoa mtoto kwa hofu ya mwanamke mzee, na kwamba siku ile haitaisha kabla hatujakwenda tena kuomba sanda.

Nilikuwa naosha sufuria nje ilipoanguka. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na mvua, hapakuwa na mtu karibu yake. Haikupiga kelele ya kutisha. Ilikuwa kama mtu mnene anayekaa chini akiwa amechoka, puu, kisha pumzi ndefu ya vumbi ikatoka mlangoni na madirishani. Mwamba ulivunjika katikati, kipaa cha mbele na cha nyuma, pande zote mbili za paa, vikaingia ndani pamoja. Kuku wakatawanyika wakipiga kelele. Wifi yangu alikaa chini pale pale, muhogo mkononi.

Vumbi halikuwa limetulia nilipomwona mwanangu akiingia njiani. Pikipiki ilikuwa imemshusha barabarani, na alikuwa na mhimili begani, mti mzito, anatembea akiwa ameinama. Aliinua kichwa. Mti ukamponyoka. Akakimbia, akajitupa juu ya makuti, akaanza kuyang'oa kwa mikono akimwita mkewe, akirusha fito nyuma yake bila kuangalia zinakwenda wapi.

Mimi sikumwambia kwamba nimewahamisha. Alinisihi nisimtoe, nami nilimtoa, na sikuwa na ulimi wa kumpigia simu. Sasa nilitaka kumwita na sauti haikutoka. Nilimwona ameufikia ubao wa kitanda umevunjika vipande, akaukumbatia.

Ni mkaza mwanangu aliyepaza sauti. Alikuwa mlangoni mwa kibanda, mtoto mkononi, vidole vya miguu vimefika kwenye kizingiti na havikupita.

"Tuko huku," akasema. Kisha kwa nguvu zaidi, "Wewe, tuko huku."

Aligeuka. Alikuja akiyumba kama mtu aliyetoka majini, akasimama mbele yao akawatazama, akanitazama mimi.

"Ulimtoa," akasema.

Nilitaka kujibu. Mkewe akanitangulia.

"Hatukutoka nje. Tulikuwa chini ya makuti njia nzima, muulize mama."

Sikulisema tone lile. Nilitikisa kichwa tu kukubali. Mtoto akaanza kulia, kilio cha njaa, kikali, cha mtoto mzima, na mwanangu akanyoosha mikono ampokee. Ilikuwa imechanika kwa fito, ina damu na udongo mpaka viwiko.

"Kanawe kwanza," mkewe akamwambia.

Nikachukua kata nimmiminie maji. Mengi yalimwagika pembeni. Alinawa yale yaliyomfikia.